Kiluhya gani? Kisa cha faili saba za Bungoma

Nianze na mstari mmoja niliopata ndani ya faili ya kazi, Ijumaa jioni tarehe 8 Novemba 2024, nimekaa nje ya nyumba hapa Kisumu na laptopu magotini. Faili ilikuwa rekodi ya mzee wa Bungoma akiongea mambo ya shamba na mifugo, na kijana wetu alikuwa ameiandika kwa Kibukusu na kando akaitafsiri kwa Kiswahili, kazi safi sana, hata nikaanza kujipongeza kimoyomoyo kwa kumwajiri. Alafu katikati, kwa mabano, nikakuta hii: (mathe anasema hapa ni ng'ombe wa mahari, si wa kuuza).

Mathe gani? Timu yetu ni watu saba na hakuna mathe.

Wacha nieleze kazi kidogo ndio kisa kieleweke. Sisi tunaandika sauti. Mteja wetu yuko Uingereza, anatuma rekodi za wakulima wa huku western wakihojiwa kuhusu mbegu, maji, mashamba na kadhalika, tunasikiliza, tunaandika neno kwa neno kwa lugha ile mtu aliongea, alafu tunatafsiri. Malipo ni kwa dakika ya sauti. Mtu hajafanya hii kazi anafikiria saa moja ya sauti ni saa moja ya kazi, lakini wapi, hata mtu amezoea atakula kama saa nne kuandika tu, kutafsiri bado, na kama kuna jogoo anawika kando ya kinasa sauti hapo usihesabu hata. Ofisi hatuna. Mimi niko upande wa Mamboleo, wawili wako Kondele, mmoja Siaya, mmoja Homa Bay, mmoja Kisii, na huyu kijana yuko Nakuru, Free Area. Vidio ni Jumatatu asubuhi pekee, siku zingine zote tunaishi kwa grupu ya WhatsApp.

Kijana tulimchukua Septemba. Mteja alikuwa amesema kuna mzigo unakuja wa Bungoma, na sisi wengi ni Wajaluo na Mkisii mmoja, kwa hivyo nikaweka tangazo: anahitajika mtu anayejua Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza, awe na laptopu na intaneti. Ndio hivyo, neno Kiluhya, nikaliandika bila kupepesa macho. Na si eti mimi ni mgeni wa hii nchi, nimezaliwa Nyakach, nimesoma na Waluhya tangu praimari, nimekula harusi zao. Lakini kwangu Mluhya alikuwa Mluhya tu. Sensa ya 2019 iliwahesabu milioni 6.8 hivi, wa pili kwa wingi baada ya Wakikuyu, na ukiona namba kubwa hivyo kwa mstari mmoja unadhani ni lugha moja. Kumbe ni jamii zaidi ya 15, na hata hilo jina la kuwaweka pamoja lilikuja kushika miaka ya 1930 na 1940. Mbukusu wa Bungoma akisema watu anasema babandu, Mmaragoli wa Vihiga anasema avandu, na hapo tumeshika neno rahisi kabisa linalofanana. Ukifika kwa mzee wa miaka 70 anaongea haraka juu ya mahari, Mmaragoli wa kuzaliwa mjini ataokota neno hapa neno pale, basi.

Waliomba 31. Sita nikawaongelesha kwa vidio, dakika ishirini kila mmoja, bila karatasi ya maswali, maswali yalikuwa yanakuja vile mtu anakuja. Huyu wa Nakuru alining'aria. Sauti ya redio, anacheka mahali pa kucheka, ananiita madam, anaeleza vile anajipanga na muda. Nikamuuliza, na Kiluhya unajua? Akajibu, "Nimezaliwa nayo, madam." Nikaandika kwa daftari yangu 9 kwa 10. Swali lilikuwa limeisha hapo.

Kulikuwa pia na dada mmoja wa Kimilili. Yeye netiweki ilikata mara tatu, alipokuwa akirudi anajibu kwa kifupi, ndio, hapana, nimeelewa. Nikaandika 4, na kando nikaongeza "hana confidence". Mkumbuke huyo dada.

Sasa turudi kwa ile Ijumaa. Mzigo wa Bungoma ulikuwa faili 12, kila moja kama dakika 40, nilimpa kijana wiki mbili. Jumatatu ya kwanza nikamuuliza kwa grupu kama mambo iko poa akajibu sawa. Alhamisi nikauliza tena, sawa. Jumatatu ya pili nikasema mteja anataka zote Ijumaa. Sawa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nilikuwa na faili tano. Saba hazikuwepo.

Hili neno sawa nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Ukiwa na mtu uso kwa uso, sawa ina maana zake na unazijua zote bila kufundishwa. Kuna sawa ya nimekuelewa, kuna sawa ya nimekusikia lakini sikubali, kuna ile ya kuvuta ya mtu amechoka na wewe, na kuna sawa ya mtoto ametumwa dukani na bado anaangalia katuni. Unaangalia mdomo, unaangalia macho, unajua ni ipi. Kwa grupu zote zinakuja na herufi nne zilezile. Nimerudi nyuma nikasoma meseji zetu za wiki sita: sawa, sawa madam, sawa sawa, vidole gumba vya njano vimejaa. Maswali? Niliyahesabu. Lilikuwa moja, na mwenye kuuliza ni mimi, nilikuwa nauliza kama kuna mtu ana swali.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nachangia. Mteja alikuwa ameandika kwa emaili kwamba anataka kazi Ijumaa 3pm. Mimi nikiwa kwa matatu nikapiga chapa haraka kwa grupu: "Ijumaa saa 3 ya UK." Wote sita wakajibu sawa. Baadaye nikawauliza mmoja mmoja walielewa nini, jamani, nilipata majibu manne. Wa Kisii alijua ni saa tatu asubuhi na akatuma mapema, Mungu ambariki. Wale wa Kondele walijua 3pm ni saa tisa yetu sisi, wakaongeza masaa mawili, wakapata saa kumi na moja jioni. Lakini Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwaka huo ilikuwa tarehe 27, kwa hivyo kutoka hapo tofauti yetu ni masaa matatu si mawili, na jibu sahihi lilikuwa saa kumi na mbili jioni, hilo alilipata dada wa Siaya peke yake, na wa Homa Bay alikuwa amemuuliza yeye pembeni. Kijana wa Nakuru alielewa saa tatu usiku. Sisi tunaohesabu saa kutoka jua likichomoza, namba ikija peke yake bila asubuhi wala jioni ni kitendawili, na nilikitega mimi.

Lakini hata angepewa mpaka saa tatu usiku, zile saba hazingekuja. Nilipompigia hiyo jioni kwanza aliniambia stima ilipotea Free Area siku mbili. Inaweza kuwa kweli, na hapo ndio shida ya kazi ya mbali nchi hii, visingizio vyote vinawezekana. Agosti 25, 2023 nchi nzima ililala giza. Mei 12, 2024 nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa inatambaa kama konokono siku kadhaa, na ni kweli kila mtu aliumia. Sasa mtu akikwambia netiweki utamwambia nini? Hauwezi kumpima. Mimi hukubali tu, na najua na yeye anajua nitakubali.

Nikamuuliza, "Na mathe ni nani?"

Akanyamaza. Nikasikia boda ikipita huko kwake, alafu mlango ukifungwa.

"Madam, wacha nikuambie ukweli."

Ukweli wenyewe ni huu. Mamake ni Mmaragoli. Yeye amelelewa Nakuru tangu darasa la pili, Kimaragoli anaongea cha nyumbani, cha kuitwa kula na kukemewa. Alipofungua faili ya kwanza ya Bungoma akasikiliza dakika tano akajua imekuwa noma. Lakini karibu na geti ya ploti yao kuna mama anauza sukuma, nyanya na omena, kwao ni Webuye, huko Bungoma. Kijana akamwendea. Kila usiku mama akishafunga kibanda, saa tatu, wanakaa kwa kreti za soda, earphone moja sikio la mama, moja sikio la kijana, simu katikati, mama anasikiliza anasema alafu kijana anaandika, mpaka saa tano mama aseme amechoka. Anamlipa mia mbili kwa usiku, kutoka mfukoni mwake.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu wakati anaongea, nisamehewe, ni tabia. Masaa mawili kwa usiku, siku 12, ni masaa 24. Faili moja kwa hiyo njia, na mama akisimulia na kucheka na kueleza, inakula karibu masaa matano. Unapata faili tano kasorobo. Alikuwa ameleta tano. Kumbe hakuzembea hata kidogo, kijana alikuwa anafanya kazi kuliko sisi wote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Jibu lake bado linanikaa: "Madam uliniuliza kama najua Kiluhya nikasema ndio. Sasa ningerudi aje niseme ni ile ingine?"

Hapo kuna mambo mawili na watu huyachanganya, hata sisi tuliyachanganya usiku huo tukabishana mpaka bando ikaisha. Dada wa Siaya, ambaye tulianza naye hii kazi, alisema afutwe. Hoja yake haikuwa mbaya. Zile rekodi zina majina ya watu, mashamba yao, nani alinyimwa urithi na nani, na tuna sheria ya kulinda data ya 2019, na kijana alisaini karatasi ya kutunza siri alafu akachezea sauti za watu kwa kibanda cha mboga. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio, miezi mitatu, na sheria ya ajira ya 2007 inaruhusu kumwachisha mtu wa majaribio kwa notisi ya siku saba ama umlipe hizo siku saba. Ilikuwa rahisi. Meseji moja.

Mimi nikaona hapana. Kuvunja siri ni kosa lake, na hilo nilimwandikia barua ya onyo isiyo na utani. Lakini kuingia kwa ile kazi na lugha isiyo yake, hilo nilimwingiza mimi, juu aliulizwa swali la ndio ama la na mtu ambaye hakujua anauliza nini, na akajibu kweli. Hakudanganya. Ni mimi nilisikia Kibukusu ndani ya jibu la Kimaragoli. Na akishaingia, akakuta grupu ambayo kwa wiki sita hakuna mtu amewahi kusema ameshindwa na kitu, si mimi, si mtu yeyote, wa mwisho kuingia ndio aanze?

Jumamosi asubuhi nikamwandikia mteja kila kitu, na mama wa mboga ndani. Nilitetemeka kubonyeza send. Akataka maelezo kwa maandishi, sauti zifutwe kwa simu ya kijana na apewe uhakika, mama asaini karatasi ya kutunza siri naye, na akatusongezea siku mpaka Jumatano. Hakututumia mzigo mwingine kwa wiki tatu hivi. Sikumlaumu. Kijana akahamishiwa rekodi za Kiswahili, na zile za Vihiga tukakubaliana ajaribu moja kwanza tuone.

Zikabaki zile saba. Nikarudi kwa emaili za Septemba kutafuta yeyote wa Bungoma, na hapo ndipo nilitaka ardhi inimeze. Yule dada wa Kimilili, siku mbili kabla ya intavyu, alikuwa ameniandikia. Mistari minne. Alikuwa ameuliza: kwa tangazo mmesema Kiluhya, mnamaanisha Kibukusu, Kimaragoli, Kiwanga ama gani, kwa sababu mimi naweza kuandika Kibukusu vizuri lakini zingine nitawadanganya. Aliuliza pia sauti ni za wazee ama vijana, maana wazee wanatumia maneno ya zamani. Sikuwa nimemjibu. Nadhani niliifungua nikasema nitarudi, alafu nikampa 4 kwa 10 kwa sababu ya netiweki ya Kimilili.

Fikiria tu. Kazi yetu asilimia karibu yote ni kuandika na kuulizana kwa maandishi, na mtu mmoja kati ya 31 alinionyesha hiyo kazi kabla hata sijamuuliza, na nilikuwa nimekaa napima watu kwa sauti ya redio. Hii si siri ya mjini. Schmidt na Hunter mwaka 1998 walikusanya utafiti wa miaka 85 juu ya kuajiri, na kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe kilitabiri vizuri kuliko kupiga stori naye, na miaka ya uzoefu ilisema kidogo tu. Sackett na wenzake 2022 walirudia hizo hesabu wakazishusha nyingi, lakini intavyu yenye maswali yaleyale kwa kila mtu ndio ilibaki juu. Automattic, wale wa WordPress.com, wanajulikana kwa kuintavyu watu kwa kuandikiana na kuwapa kazi ya majaribio ya kulipwa. Mimi nilikuwa nafanya kinyume cha yote hayo na daftari mkononi.

Nikampigia. Alikuwa ameshapata kazi ya BOM, ile ya kuajiriwa na bodi ya shule, kwa shule ya karibu, ni mwalimu sasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, netiweki siku hiyo ilikuwa safi, akasema atafanya wikendi na usiku, lakini kwa bei ya juu kuliko tuliyotangaza. Nikakubali. Akauliza faili ziko ngapi, kila moja dakika ngapi, Jumatano saa ngapi ya saa yetu, na sehemu zisizosikika aandike nini. Maswali manne ndani ya dakika mbili. Akamaliza nne, tatu zilizobaki mama wa mboga na kijana wakazimaliza kihalali, mama akiwa na mkataba wake wa siku tatu, tena sasa wanasikiliza ndani ya nyumba mlango umefungwa.

Vitu viwili tumebadilisha tangu hapo. Kuajiri, nilianza kutuma kipande cha sauti cha dakika tatu na mia tano ya kazi, unalipwa hata ukikosa, na maelekezo yake naacha shimo moja makusudi, kwa mfano sisemi mtu afanye nini watu wawili wakiongea pamoja. Mara ya kwanza tuliwapa watu tisa. Saba walijaza hilo shimo kimyakimya kila mtu na lake, wawili wakauliza. Mmoja wa wale wawili kuandika kwake kulikuwa kwa kawaida tu, na bado sijajutia kumchukua. Na lugha mtu anaitaja yeye mwenyewe, na kijiji alichojifunzia.

Sawa nilijaribu kuipiga marufuku. Ujinga mtupu. Walihamia poa, alafu fiti, alafu mmoja akaanza kujibu "imeingia". Kilichofanya kazi ni kitu cha aibu zaidi: kila asubuhi saa tatu mimi ndio naandika wa kwanza mahali nimekwama. Hata kama ni kidogo. "Nimekwama, mteja ametumia neno sijui." "Nimekwama, sijui kama rekodi ya Siaya ni Dholuo tupu ama amechanganya." Wiki ya kwanza niliandika peke yangu kama mwendawazimu. Wiki ya pili wa Homa Bay akaandika. Na kazi ikitoka, mtu hajibu sawa, anarudisha kwa maneno yake ameelewa afanye nini na lini, na saa inaandikwa 18:00 EAT, yaani saa ya Afrika Mashariki, na kwa maneno pia, kumi na mbili jioni, hata ikionekana ni kurudiarudia.

Kijana wa Nakuru alikawia. Siku yake ya kwanza ilikuwa Januari, kwa faili ya Vihiga: "Nimekwama, dakika ya 17:40, mzee anataja kitu sijui ni mti ama ni jina la mtu, Kimaragoli changu hakifiki hapo." Hatuna Mmaragoli mwingine. Tukasikiliza wote, hakuna aliyejua. Akauliza kama anaweza kumpigia mamake, asimchezee sauti, amtajie tu hilo neno.

Ulikuwa mti.